Gurumo hapatikani kwa kuandika "zilipendwa"

Ukiandika "zilipendwa" YouTube, unaletewa miksi za saa nzima zenye picha ya minazi. Nyimbo zinafuatana bila jina la bendi wala mwaka, nyingine zimekatwa chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi, likiwa ndiyo linaanza. Ukimaliza moja unapewa nyingine ya namna ileile. Mimi huzifunga mapema. Muziki wetu wa dansi unataka mtu anayeujua akushike mkono.

Chukua NUTA Jazz. Ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: JUWATA, halafu OTTU, leo Msondo Ngoma. Bendi ni ileile. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alikuwemo tangu mwanzo, akaondoka 1978 kwenda Mlimani Park, wana Sikinde, baadaye akahamia Safari Sound, wana Ndekule, mwisho akarudi zake Msondo. Asiyeijua safari hiyo hawezi kuifuata sauti yake mtandaoni, maana imetawanyika chini ya majina ambayo mashine inayaona ni ya watu mbalimbali.

Ninayemtegemea mimi ni mzee mmoja mwenye chaneli ndogo. Anaweka wimbo mmoja, halafu kimya hata wiki kadhaa. Chini ya wimbo anaandika mtunzi, nani anaongoza na nani wanaitikia, nani yuko kwenye gitaa la solo, nani rizimu, nani besi, na kama ni rekodi ya RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) au santuri iliyotoka Nairobi. Kuna wimbo ambao mpuliza saksafoni hakumjua. Akaandika: "Saksafoni: bado naulizia." Tangu siku ile kila anachoweka nakisikiliza mpaka mwisho. Kwake ndiko nilikojifunza kuitambua sauti ya mwimbaji mwenzake Gurumo, Hassan Bitchuka, inapopanda juu, na ya Gurumo inapokuja chini yake kuishikilia.

Gurumo alifariki Aprili 2014, na wengi wa rika lake wametangulia. Kwa hiyo naomba, ninyi wenye kanda za RTD makabatini: msiziweke mtandaoni zikiwa uchi. Kwanza mpigie mjomba wako aliyekuwa haachi dansi Jumamosi, mchezeshee simuni, umwulize nani anapiga solo. Akikutajia, andika jina lote, la kwake na la baba yake.