Nilivyopatana bei ya pikipiki mpya ya theluji Minnesota

Bei iliyobandikwa kwenye usukani wa pikipiki ya theluji (snowmobile) siyo utakayolipa. Chini yake kuna usafirishaji kutoka kiwandani, matayarisho ya dukani, ada ya karatasi, na mwisho kodi. Mashine niliyoitaka, toleo la mwaka uliotangulia, ilibandikwa dola 14,499. Kotesheni ya kwanza ikaja hivi: usafirishaji 650, matayarisho 450, karatasi 150, jumla 15,749. Kodi ya mauzo ya jimbo, asilimia 6.875, ikaongeza 1,082.74. Tayari ni 16,831.74 na usajili wa DNR, idara ya maliasili ya jimbo, haujaguswa.

Ndiyo maana sibishani juu ya kibandiko. Ukiomba upunguziwe mia tano, unapewa mia tano, halafu matayarisho yanapanda kutoka 450 hadi 800 na karatasi inapanda kidogo. Umeshuka ngazi ya mbele ukapandishwa ya nyuma. Kariakoo muuzaji anaficha bei yenyewe mpaka akupime. Huku bei iko wazi kwenye usukani, kilichofichwa ni ada. Namba ninayopatana ni moja tu: jumla kabla ya kodi, kila ada ikiwa ndani.

Niliandikia maduka manne barua pepe ileile, nikataja mwaka wa toleo, injini, urefu wa mkanda wa chini, kimo cha meno yake, na kama inawashwa kwa kitufe au kwa kamba. Usiruke hayo. Jina la mashine linaweza kuwa moja, lakini ya mkanda wa inchi 129 na ya inchi 137 hazilingani bei, na meno ya inchi 1.25 ni ya njia zilizosawazishwa wakati ya inchi 2 ni ya theluji laini. Ukiuliza kwa jina tu, duka moja litakupa bei ya mashine hafifu na jingine ya mashine kamili, halafu utadhani la kwanza lina huruma. Duka lililojibu "njoo tuongee" bila namba nililiacha hapohapo.

Kuhusu mwezi, ninaamini Machi mwishoni na Aprili kuliko wakati mwingine wowote. Maduka mengi hayanunui mashine kwa fedha zao: yanakopeshwa, na muda wa nafuu ukiisha kila mashine iliyosimama pale inakula riba. Theluji inayeyuka, boti na pikipiki za kiangazi zinadai nafasi. Msimu wa 2023–24 Minnesota haikupata theluji ya maana, mashine zikalundikana, na anayejua kusubiri akafaidi. Wiki baada ya theluji ya kwanza ya Desemba usiende kabisa, labda kwenda kutazama.

Kuna pia kuagiza mapema majira ya kuchipua. Polaris, mmoja wa watengenezaji wa mashine hizi, wanaita SnowCheck. Unaweka amana, unachagua rangi na vifaa, mashine inakuja kabla ya baridi ijayo. Ni nzuri kwa anayejua anachotaka hasa, lakini bei haishuki sana, kwa sababu mashine hiyo haijamlemea mtu yeyote bado.

Toleo la mwaka uliopita lina hesabu yake. Siku utakapoiuza, mnunuzi atahesabu mwaka wa toleo, hatajali uliinunua lini. Kwa hiyo punguzo lazima lizidi hasara hiyo. Mimi chini ya asilimia 15 ya jumla siigusi. Nilitaja 13,000, ada zote ndani, nasaini leo. Baada ya kwenda na kurudi ofisi ya meneja mara mbili tukakutana 13,300. Kodi 914.38, nikatoka na 14,214.38. Alipogoma kushuka zaidi sikung'ang'ania fedha. Niliomba belti ya akiba ya klachi na turubai la kufunikia. Kwenye vifaa duka lina faida nono, hivyo kukupa kimoja kunawauma kidogo kuliko kukukatia dola mia. Na belti utaihitaji: ikikatika kilomita 40 ndani ya msitu bila ya akiba, mashine haiendi popote.

Mashine ya zamani unayotaka kubadilishana, iweke kando mpaka bei ya mpya iandikwe. Ukiichanganya mapema, watakupa bei tamu ya ile kuukuu na kuirudisha kwenye ile mpya.

Kwenye mkopo mara nyingi utaambiwa uchague: punguzo la kiwanda au riba sifuri. Piga hesabu, usisikilize neno sifuri. Chukua dola 13,000 kwa miezi 36. Riba sifuri, utalipa 13,000. Ukichukua punguzo la 1,500 na kukopa 11,500 kwenye chama cha mikopo kwa asilimia 8, utalipa 360.37 kwa mwezi, jumla kama 12,973. Zinakaribiana kabisa! Punguzo likizidi hapo, au ukilipa mapema, chukua punguzo.

Kama ni chapa iliyofunga biashara hii, mfano Yamaha, waliotangaza 2023 kwamba toleo la 2025 lingekuwa la mwisho Amerika Kaskazini, hiyo ni hoja ya bei. Uliza pia nani atakayeagiza vipuri na kufanya kazi ya dhamana.

Siku ya kuchukua, usilipe salio kabla ya kuiona ikiwaka. Iliyokaa miezi dukani inaweza kuwa na betri iliyokufa, petroli iliyochacha, na panya hupenda kujenga kiota kwenye boksi la hewa; fungua utazame. Soma maili: mashine "mpya" yenye maili 200 ilikuwa ya majaribio, na huenda dhamana yake ilishaanza kuhesabiwa. Niliomba nione kwenye skrini yao tarehe ya kuanza dhamana waliyoingiza kwenye kumbukumbu za kiwanda. Walikuwa wameandika ya wiki mbili nyuma. Ikarekebishwa nikiwa nimesimama pale.