Mboji ya tope la choo, Pongwe, Tanga: tulipofikia kabla ya vuli

Julai

Kitanda cha kukaushia kimekamilika. Ni boksi la matofali lisilofika magotini: chini kokoto kubwa, juu yake kokoto ndogo, halafu mchanga. Sakafu ina mteremko kidogo kuelekea pipa lililofukiwa, kwa sababu maji yanayochuja hapo bado yana vimelea na sitaki yakimbilie kisima cha jirani. Nitayarudisha kwenye lundo la mboji likiwa bado changa.

Bwana afya wa kata amekuja kuona. Hakupinga, ila alitoa masharti: uzio, buti za mpira, glovu, na mboji isiguse mboga za majani. Mboga wala hazikuwa kwenye hesabu. Ninachotaka ni kulisha migomba na michungwa kwenye udongo mwepesi ambao ukiumwagilia asubuhi, jioni umeshasahau.

Kazi iliyonisumbua ni kuchagua choo cha kutoa tope. Dereva wa boza alikuwa na mzigo tayari, umetoka mtaa wenye gereji na mafundi betri, na angeumwaga kwangu kwa bei ya bure. Nikakataa.

"Kaka, mavi ni mavi," akasema, anacheka.

Mavi si mavi. Minyoo unaiua kwa joto, risasi ya betri haifi. Tena mboji ikiiva hali ya metali inakuwa mbaya zaidi: sehemu kubwa ya lundo huoza ikaenda hewani, na risasi ile ile inabaki kwenye uzito uliopungua. Ndiyo maana kanuni za Marekani za 1993 zinapima vimelea kivyake na metali kivyake. Kwa tope la daraja safi kabisa, risasi isizidi miligramu 300 kwa kilo ya tope kavu, na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, isizidi 39. Wengine wamechoka kupima. Uswisi ilipiga marufuku tope mashambani kuanzia 2003, ikaacha muda wa mpito hadi 2006. Jimbo la Maine, Marekani, likafuata 2022 kwa sababu ya PFAS, zile kemikali za vikaango visivyogandisha na vitambaa visivyolowa. Joto la lundo halizigusi.

Kwa hiyo usafishaji wangu umeanzia mlangoni kwa watu. Tope limetoka nyumba za wapangaji, mtaa usio na karakana. Mwenye nyumba nilimsalimu, nikamuuliza kama kuna anayemwaga rangi, oili au betri za redio chooni.

"Mwanangu, betri si watoto wanachezea? Chooni zinafikaje?"

Nilichukua jibu hilo, ila sikuliamini moja kwa moja. Mambo ya chooni hayana shahidi.

Agosti

Upepo wa kusi umefanya kazi kuliko mimi. Tope lilimwagwa kina cha shibiri moja. Sasa limepasukapasuka na linanyanyuka kwa beleshi vipande vizima. Nililipitisha kwenye chekeche la waya: nyembe, vifuniko vya chupa, matambara, soli ya kandambili. Nyembe ndizo zilizonifanya nivae glovu mbili.

Tope peke yake halichemki, lina naitrojeni nyingi na limeshikana, hewa haipiti. Linahitaji kaboni, takribani sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni 1. Nimechanganya na majani makavu, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, na vumbi la mbao. Hapo kwenye vumbi kuwa macho: fundi seremala akikuletea la mbao zilizotiwa dawa ile ya kijani, mwache aondoke nalo. Dawa hiyo mara nyingi ni shaba, kromiamu na aseniki. Utakuwa umekataa gereji halafu umeingiza sumu kwa mlango wa nyuma. Unyevu napima kwa mkono wenye glovu: nikiminya konzi moja, yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike.

Lundo limewaka. Kipimajoto cha shina refu kimesoma nyuzi 63 katikati. Asubuhi linafuka mvuke hadi bibi wa shamba la pili akaita kutoka upande wa pili wa uzio: "Mjukuu wangu, unachoma mkaa?"

Kanuni hizo hizo za Marekani zinataka lundo la kugeuzwa likae nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo ligeuzwe mara 5. Watu huruka sehemu ya kugeuza kwa sababu inachosha mgongo. Lakini ukingo wa lundo ni wa baridi, na yai la mchango lina ganda gumu, likikaa ukingoni linatoka zima na linaweza kuishi udongoni miaka. Cha nje lazima kiingie ndani. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wa 2006, inataka lisizidi yai 1 kwa gramu ya tope kavu.

Oktoba

Kuna mabaki yaliyogoma kuoza, nikayatenga na kuyatia chokaa. Tanga chokaa si ya kutafuta. Lengo ni pH (kipimo cha tindikali na ukali wa chokaa) 12 kwa saa 2, kisha isishuke chini ya 11.5 kwa saa 22 zaidi. Inaua vimelea vingi, sina ubishi, ila harufu ya amonia inachoma macho, na hiyo amonia ndiyo mbolea inayokimbia. Metali chokaa inazifunga tu. Udongo ukija kuwa na tindikali zinafunguka. Michungwa nayo ikizidishiwa chokaa hukosa chuma na zinki, majani yakageuka njano. Sitaifanya njia kuu.

Lundo kubwa limepoa na linaiva chini ya turubai. Sampuli nimechota sehemu mbalimbali, juu, chini na ukingoni, nikachanganya kwa ajili ya maabara: mayai ya minyoo, risasi, kadimiamu. Majibu yasiporudi haliendi popote, hata vuli ianze.

Yakirudi mazuri, migomba itatangulia: mboji shimoni, udongo juu yake. Michungwa itasubiri mavuno yaishe, maana chungwa likidondoka huku kwetu linaokotwa, linafutwa kwenye shati na kumenywa hapo hapo.