Hesabu za kikoba, moduli moja ya Python

Mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu, na hesabu zake naziendesha kwa programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kusoma michango, kukokotoa riba, kutoa orodha ya wadaiwa, vyote vilikaa kwenye faili moja. Nilipotaka programu ya pili, ya mgao wa mwisho wa mwaka, nilihitaji hesabu zilezile za riba, na sikutaka kuzinakili. Fedha ya watu ikikokotolewa sehemu mbili, ipo siku majibu yatapishana.

Basi funksheni za riba, yaani vipande vya programu vinavyoikokotoa, nikazihamishia kwenye faili la peke yake, hesabu.py, ndani ya folda ileile (faili la namna hii ndilo huitwa moduli), na juu ya kila programu nikaandika `import hesabu` ili iingizwe. Hakuna cha kusajili wala kusakinisha: Python hutazama folda ya programu unayoiendesha kabla ya folda za maktaba yake. Kwa sababu hiyohiyo, faili lako usiliite csv.py. Python ina moduli yake ya csv, ya kusoma majedwali; ukija kuandika `import csv`, litachukuliwa faili lako badala yake.

Naita `hesabu.riba(...)` kwa jina kamili. `from hesabu import *`, inayoingiza majina yote bila kutaja moduli, siipendi kabisa, maana mistari ikizidi hujui tena funksheni ipi imetoka wapi. Mistari ya kujaribia nimeiweka chini ya `if __name__ == "__main__":`, ili ifanye kazi pale tu ninapoliendesha faili hilo lenyewe, kwa kuwa moduli inapoingizwa, faili lake lote husomwa na kutekelezwa.

Moduli iliyonifaa kuliko zote ni decimal. Jaribu `0.1 + 0.2` kwenye Python: utapata 0.30000000000000004, kwa sababu desimali za kawaida huhifadhiwa kwa namba za msingi wa mbili. Kwa fedha sikubali hilo. Naandika `from decimal import Decimal`, kisha `Decimal("0.1")`, pamoja na alama za nukuu, la sivyo kasoro inaingia nayo. Moduli hii huja na Python yenyewe, haihitaji bando.

Wanachama walipokubaliana kushusha riba kutoka asilimia 10 hadi 5, mikopo ya zamani ilibaki na masharti yake. Nikaifanya funksheni ya riba ipokee pia tarehe ya mkopo, kwa moduli ya datetime, na viwango vyote viwili nikavitunza ndani ya hesabu.py tu. Orodha ya wadaiwa na mgao vyote sasa vinasoma hapo.