Siku Moja Maishani Mwangu: Kununua Ukimya Bagamoyo

Saa 10:15 alfajiri simu inaita kabla ya kengele niliyoitega. Ni dereva wa Noah. "Dada, niko getini, ila nakwambia mapema, hela ya mafuta uliyotuma haitoshi kwenda na kurudi." Siku zangu za kazi huanza hivyo, kwa hesabu. Mimi ni mwandishi na mwongozaji wa filamu za kutisha, wa kujitegemea, yaani sina ofisi wala mfadhili. Nina watu tisa ninaowalipa kwa siku, kamera na taa za kukodi, na wiki hii nyumba ya kukodi pia, na vyote hivyo vinakula fedha hata tukiwa tumekaa tu tunasubiri.

Watu wakiijua kazi yangu huniuliza maswali mawili: kama siogopi kulala peke yangu, na kama ni kweli kwamba huwa tunaita mashetani kabla ya kurekodi. Mama yangu, ambaye yuko Tanga na ndiye aliyenilea kwa visa vya majini vinavyotisha kuliko chochote nilichowahi kuandika, ana swali lake la tatu: "Mwanangu, ya harusi bado tu hujaandika?" Hakuna anayeuliza kuhusu kelele, ilhali kelele ndiyo inayoninyima usingizi.

Kutoka Sinza mpaka Bagamoyo ni kilomita zipatazo 65, nasi tunazimaliza watu wote wakiwa wamelala isipokuwa dereva na mimi, mimi nikiwa na mswada mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Kwenye begi nina bahasha ya plastiki yenye kibali cha Bodi ya Filamu na barua ya serikali ya mtaa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, imenizidi umri, na inataka kibali kabla ya kamera kuwashwa na ukaguzi kabla ya filamu kuonyeshwa. Siilalamikii sana, kulazimika kueleza kwa maandishi kwa nini mtu anakufa katika ukurasa wa 41 kumewahi kunionyesha kwamba sikuwa na sababu yoyote ya kumwua.

Saa 1 kasoro tumefika. Nyumba iko Mji Mkongwe, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na plasta yake imebanduka kwa vipande vikubwa. Wageni wengi huja Bagamoyo kutazama Boma la Wajerumani, ambao waliufanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Mimi nimekuja kwa ajili ya kisima kilichomo uani mwa nyumba hii, chenye ukingo uliolika upande mmoja kwa miaka mingi ya kamba kupita mahali palepale.

Saa 2 napika damu. Kazi hii simwachii mtu. Nachemsha rozela na sukari nyingi mpaka iwe nzito kama asali, kisha naongeza rangi nyekundu ya chakula, kwa sababu rozela peke yake huelekea zambarau mbele ya kamera, na mwisho kijiko kimoja cha kakao ili wekundu using'ae kama wa pipi. Ikipoa naimimina juu ya kitambaa cheupe na kutazama inavyotambaa. Damu nyepesi mno hukimbia kama juisi, na nzito mno hubaki juu ya nguo kama jamu. Adui wake ni sisimizi. Nikiiweka sufuria chini dakika kumi, wanakuwa wameshapanga mstari, kwa hiyo naisimamisha ndani ya beseni la maji.

Kati ya sini za leo, yaani matukio ya filamu, iliyo ngumu ni moja tu. Dada mmoja anakuja kisimani usiku, anavuta kamba, na ndoo ni nzito kuliko maji yanavyoweza kuwa mazito. Anaita chini ya kisima kama mtu anayejaribu mwangwi, na mwangwi unamjibu neno ambalo yeye hakulitamka. Ndoo ikifika juu, damu inammwagikia. Amevaa gauni jeupe, na magauni meupe yaliyoshonwa kwa bajeti yangu ni mawili, kwa hiyo nina teki mbili, yaani nafasi mbili za kurekodi, na si tatu.

Mwenye nyumba hataki watu usiku, kwa hiyo usiku tunautengeneza mchana. Tumetandaza turubai jeusi juu ya ua wote, na kamera tunaidanganya kwamba mwanga wa jua, ambao kwa kipimo cha rangi ya mwanga ni wa kelvini karibu 5,600, ni mwanga wa taa ya ndani wa kelvini 3,200. Basi kila kitu kinageuka buluu. Tunapunguza mwanga mpaka uso uonekane nusu tu, na tunahakikisha anga halionekani hata kidogo. Picha ya namna hii inaweza kumtia mtu wasiwasi, lakini kinachomfanya aache kutafuna bisi ni sauti: kamba inavyosugua jiwe, na halafu kimya cha sekunde sita kabla ya mwangwi kujibu. Sini yote nimeijenga juu ya sekunde hizo sita.

Saa 3:20, mazoezi yamekamilika, mwigizaji ameshavaa, nafungua mdomo kuagiza kamera iwashwe, na nyuma ya ukuta grenda inaanza kukata chuma.

Jana tulipokuja kukagua ilikuwa Ijumaa mchana, na karakana ile ilikuwa imefungwa. Nilidhani ni stoo. Nazunguka ukuta na kumkuta fundi wa kuchomelea, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, akiwa na kijana wake na geti kubwa lililolazwa juu ya matofali.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Nyie ndio wa sinema?"

Namweleza. Ananisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha ananiambia kwamba mwenye geti anakuja saa 11 jioni na gari kutoka Msata, na amekwisha kutoa malipo ya awali. Namwomba anipe saa tatu. Ananiuliza, bila ukali wowote, kama mimi nikiombwa nizime kamera saa tatu bure nitakubali. Sina jibu. Tunaanza kupatana. Anataka 20,000 kwa saa; mimi nataja 10,000; anacheka, anamwita kijana wake aje asikie bei hiyo, na wote wawili wanacheka. Hapo katikati anapita mjumbe, anataka kujua tuna kibali gani, kwa hiyo narudi ndani kuifuata bahasha, naye anaisoma barua yote kwa sauti, mpaka mhuri. Anapoondoka, fundi ameshapoa na mimi nimeshachoka, tunakutana kwenye 15,000. Saa tatu, 45,000. Namtumia kwa simu papo hapo. Anautazama ujumbe, ananitazama mimi.

"Na ya kutolea, mama."

Naongeza ya kutolea. Ni saa 4 kamili, na makubaliano ni mpaka saa 7. Kwa fedha hizo ningeshona gauni la tatu.

Tunaanza na vipande visivyo na damu: miguu inayokuja, mkono unaoshika kamba. Kijana wa fundi, ambaye inaelekea hakuelezwa kwamba ukimya unahusu na nyundo, anagonga mara nne na kukaripiwa. Bodaboda tatu zinapita. Saa 5:10, nikiwa nimeanza kuamini kwamba siku itasimama, umeme unakatika mtaa mzima. Taa zetu ni za betri, hatuna shida. Lakini grenda nayo ni ya umeme. Nasimama pale uani nikielewa polepole kwamba nimelipa 45,000 kununua kitu ambacho sasa kinagawiwa bure. Na hata hicho cha bure hakidumu dakika mbili, kwa sababu saluni ya kiume iliyo ng'ambo ya uchochoro inawasha jenereta.

Nakiri kwamba nilirudi kwa fundi. Sikudai fedha zote. Niliuliza tu, kwa mzunguko, kama hatuwezi kuzungumza upya. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa chai.

"Mama, wewe ulinunua ukimya wangu. Ukimya wangu si umeupata? Ule wa saluni mimi siuuzi."

Kwenye saluni kinyozi alikuwa na moyo mwema na tatizo la kweli: mteja wake alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Huwezi kumwambia mtu akae na nusu kichwa kwa ajili ya sanaa. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri upande wa pili uishe, huku watu wangu tisa wakila muda wangu upande wa pili wa uchochoro, na yule mteja akanieleza kwa kirefu kwamba filamu zetu za kutisha hazitishi. Alikuwa na hoja. Alisema majini yetu huongea mno. Nimeandika jambo hilo pembezoni mwa mswada, ingawa pale sikumpa raha ya kuona naliandika.

Kinyozi alizima kwa dakika ishirini. Tukakimbia. Gauni la kwanza, kamera inarekodi, kamba inasugua jiwe, mwigizaji anaita, nahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, na kwenye nne kunguru anatua juu ya turubai na kulia mara tatu kwa nguvu zake zote. Ndoo ilikuwa imeshapanda. Damu ikamwagika vizuri kabisa, vizuri kuliko nilivyowahi kuiona ikimwagika, juu ya teki isiyofaa kitu. Kunguru wa pwani hii sina la kusema juu yao ambalo linaandikika.

Jenereta ikarudi. Halafu adhana ya adhuhuri, nayo huiombi isubiri. Nusu ya kikundi kilikwenda kuswali na nusu tukabaki tukimwosha dada wa watu shingo na nywele kwa maji ya ndoo, kwa sababu damu ya sukari ikikauka inavuta ngozi. Hakulalamika. Alisimama akitetemeka kidogo ndani ya khanga, macho mekundu kwa lenzi nyeupe tulizomvalisha machoni, akaniuliza tu kama mwangwi uko kushoto au kulia. Huyu alisomea TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapahapa Bagamoyo, na analipwa kidogo kuliko ninavyolipia lenzi ya kamera.

Saa 6:45 umeme ulirudi. Jenereta zikanyamaza moja baada ya nyingine, na mimi nikakumbuka upande wa pili wa ukuta. Nilimtuma msaidizi akachungulie. Akarudi akasema fundi amesimama na grenda mkononi, miwani imeshavaliwa, anatazama saa ya simu, na hajawasha. Alikuwa ananilindia dakika zangu. Gauni la pili. Kamba, jiwe, sauti inaita. Sekunde sita nzima hapakuwa na kitu, hata upepo kwenye turubai, na mwangwi ulipojibu, kijana wangu wa sauti, ambaye ameisikia sini hii kwenye mazoezi mara zisizohesabika na ndiye aliyeuchomeka mwangwi wenyewe kwenye spika iliyofichwa kisimani, alirudi nyuma hatua moja. Ndoo ikamwagika. Nikafungua mdomo kusema "kata," na grenda ikanitangulia. Saa 7 kamili.

Baada ya hapo saa zinaingiliana. Tulikula wali na maharage sijui saa ngapi, tukapiga vipande vya ndani, tukapoteza kifuniko cha lenzi, tukakipata ndani ya mfuko wa mtu aliyekuwa anaongoza msako. Taa moja ya bei rahisi ya mwenye nyumba ilimetameta kwenye picha mpaka tukapunguza kasi ya shata, kile kinachofungua na kufunga mwanga ndani ya kamera, ifuate umeme wetu wa hezi 50. Kati ya sini nne nilizopanga nilipata mbili. Mnunuzi mmoja wa maudhui alipiga simu jioni kunirudishia jibu nililolisubiri wiki tatu: filamu za kutisha "hazina familia," lakini nikiwa na ya ndoa tuzungumze, na bei aliyoitaja haifiki kodi ya kamera ya siku nne. Zamani tulililia soko la CD la Kariakoo kwamba linatunyonya. Sasa soko hilo limekufa, na kunyonywa kumehamia kwenye simu. Nilimshukuru. Wakati huo nilikuwa nashikilia upande mmoja wa turubai.

Kulipa watu ni kazi ya gizani, nikiwa nimekaa mlangoni mwa Noah, jina kwa jina. Hakuna niliyempunguzia. Dereva nimemwongezea ya mafuta.

Sasa ni kama saa 6 usiku, niko Sinza, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nanakili kadi za kamera kwenye diski mbili, na sizifuti mpaka nimeona kila kipande kimefunguka. Huku nikisubiri narekebisha mswada, kwa maana sini mbili nilizozikosa leo haziwezi kurudi. Hela yake imekwenda kwa fundi na kwa muda. Katika kazi hii mwandishi hulipa madeni ya mwongozaji, na kwa kuwa wote wawili ni mimi, hakuna wa kumlalamikia. Kurasa nne zimekuwa moja na nusu. Jini limebakiwa na sentensi moja. Yule wa nusu kichwa angefurahi.

Nimeitazama ile teki mara tatu kwa spika za masikioni. Grenda inaingia mwishoni kabisa, fremu kumi na kitu baada ya damu kufika kwenye pindo, nami nitakata hapohapo kabla yake.

Simu imewaka. Ni ujumbe kutoka namba ambayo sijaihifadhi jina: "Mama wa sinema, kesho nifungue au nisifungue?"

Nimehesabu kilichobaki kwenye simu, kisha nimefungua ratiba ya kesho na kuhamishia asubuhi vipande vyote vya kutembea ufukweni, ambavyo sauti yake tutaiweka baadaye studio. Nimemjibu: "Fungua, fundi. Tutakuja saa 8."

Amejibu papo hapo: "Saa 8 bei nyingine."