Jinsi nilivyofufua kompyuta ya injini kwa kifaa cha BDM

Uandishi wa programu ulikatika katikati, na kompyuta ya injini ikaacha kujibu kupitia soketi ya uchunguzi. Niliifungua mezani, nikaipa umeme tulivu wa volti 12, kisha nikagusisha pini za BDM (njia ya kufikia kichakataji moja kwa moja) kwenye bodi, nikitanguliza waya wa ardhi. Flashi (kumbukumbu ya programu) ilisomeka FF tupu, yaani imefutika, lakini EEPROM (kumbukumbu ndogo ya data za gari) ilionyesha namba ya chasisi, ushahidi kwamba kichakataji ni kizima (nafuu kubwa!). Uandishi ulishindikana hadi nilipofupisha waya na kupunguza kasi ya mawasiliano; hapo faili la awali liliingia lote, na ulinganishi wa baiti kwa baiti haukuonyesha tofauti. EEPROM sikuigusa, kwani ndimo zilimokuwa data za kizuia wizi. Injini iliwaka.