Siku moja na watoto 58 na vishikwambi 12

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshapanda matatu kutoka Kayole, chai nimeinywa nimesimama. Nawahi kwa sababu vishikwambi vyetu hulala kabatini na darasani kuna soketi moja tu inayofanya kazi. Nisipovichaji mapema, hakuna somo.

Saa mbili na nusu, Gredi ya Kwanza. "Leo mimi ni roboti. Sijui chochote. Nifikisheni mlangoni."

"Nenda, mwalimu!" Naenda mpaka nagonga dawati. Wanacheka, halafu wanaanza kupanga: hatua tatu, simama, geuka kulia. Hapo ndipo nataka wafike kabla hawajagusa kioo. Mashine haikisii, hufuata agizo lilivyo.

Saa tatu tunafungua ScratchJr, programu ambayo mtoto hupanga maagizo ya kumwendesha paka wa katuni, watoto watano watano kwa kishikwambi. Programu hii ilitoka 2014 kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 7. Maagizo yake ni picha, kwa hiyo ambaye bado anahangaika na kusoma haachwi nyuma, tena haidai intaneti. "Mpelekeni paka kulia." Paka wa kijana mmoja wa dawati la nyuma anakwenda kushoto. Anarudia, kushoto tena. Namwinamia.

"Kulia ni wapi?"

Ananyoosha mkono wa kushoto. "Si ulisema ni mkono wa kulia ugali?"

Kweli nilisema, wiki tatu mfululizo. Na yeye hula kwa kushoto. Amefuata agizo langu neno kwa neno. Kasoro ilikuwa kwangu. Nimemwambia hivyo mbele ya wenzake, nikamwomba msamaha, kwa sababu wenzake walikuwa wameanza kumcheka.

Saa saba, foleni ya chakula cha Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi ulioanza 2023. Mtoto hugusisha bangili kwenye mashine, shilingi 5 zinakatwa, anapewa sahani.

"Mwalimu, bangili ikikatika pesa zitamwagika?"

Swali zuri kuliko yote niliyouliza mimi leo. Namweleza kwamba ndani ya bangili hamna pesa, mna namba. Mzazi akituma kwa M-Pesa, pesa huandikwa kwenye akaunti ya namba hiyo, kama mwenye duka anavyoandika jina la mama daftarini. Anaigeuzageuza bangili yake, kisha anaisogeza masikioni kusikiliza.

Saa kumi nakutana na baba langoni, anajisifu kwamba mwanawe hufungua video kwenye simu haraka kuliko yeye. Nampongeza mtoto, ila namweleza baba kwamba kufungua video si kuelewa simu. Akimwuliza mwanawe ile video imetoka wapi na nani ameiweka, hapo watakuwa wameanza kusoma pamoja.

Saa tatu usiku niko mezani na bonge la uzi mwekundu. Nimekata vipande 58. Kesho kila mtoto atafungwa kimoja kwenye mkono wa kulia, na tutaanza upya na yule paka.