Siku ya mwalimu wa taaluma, mahafali yakikaribia

Ukihudhuria mahafali ya kidato cha nne katika shule ya sekondari yoyote nchini Tanzania, utamwona mkuu wa shule akisoma taarifa, utawasikia wahitimu wakisoma risala, na utamwona mgeni rasmi akigawa vyeti. Mtu usiyemtambua ni mwalimu wa taaluma, ambaye husimama nyuma ya meza ya zawadi akiwa ameshika karatasi na kumnong'oneza mshereheshaji jina linalofuata. Kazi hiyo ni yangu katika shule moja ya kata, ya kutwa, iliyoko kwenye milima ya Usambara wilayani Lushoto, na bado nafundisha Biolojia kidato cha pili na cha nne, kwa kuwa cheo hiki hakimwondoi mtu darasani. Naandika siku yangu ya Alhamisi, mahafali yakiwa Jumamosi, kwa sababu hata ndugu zangu huniuliza mwalimu wa taaluma hufanya nini wakati mitihani haijaanza.

Saa 11:00 alfajiri. Naamka, nawaandalia watoto chai, kisha namalizia kusahihisha jaribio la kidato cha pili, ambao nao wanakabiliwa na upimaji wao wa Taifa kabla mwaka haujaisha.

Saa 1:30 asubuhi. Wanafunzi wako mstarini, ukungu haujainuka, na baadhi yao wana soksi zilizolowa umande kwa sababu wametembea kutoka vijiji vya upande wa pili wa bonde. Mwalimu wa zamu ananikaribisha nitoe matangazo. Nawakumbusha kuhusu mahafali ya Jumamosi, kuhusu maadhimisho ya kumbukumbu ya Baba wa Taifa tarehe 14 Oktoba, na kuhusu mtihani wa Taifa wa kidato cha nne utakaofanyika Novemba. Kisha namwita mbele msichana wa kidato cha tatu aliyeiwakilisha wilaya yetu katika netiboli kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mwezi Juni, pamoja na mvulana aliyeshiriki shindano la uandishi wa insha la nchi za SADC. Wenzao wanawapigia makofi. Jambo hili huchukua dakika chache, lakini siliruki hata siku moja, kwa maana wapo wanafunzi ambao jina lao halitasomwa popote pengine isipokuwa hapo mstarini.

Kuanzia saa 2:00 hadi saa 5:00 nafundisha vipindi vyangu, navyo vinakwenda salama.

Saa 5:00 nafungua daftari la alama ofisini ili nimalize orodha ya zawadi, na hapa ndipo siku inapoanza kuwa ndefu. Watu wengi hudhani kwamba orodha hiyo hupatikana kwa walimu kukaa na kukumbuka watoto waliofanya vizuri. Sivyo. Zawadi ya mwanafunzi bora wa kidato cha nne hutokana na mtihani wa utamirifu wa mkoa, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa Taifa, ambao karatasi zake husahihishwa kituoni na walimu wa shule mbalimbali, na kila alama lazima ioane na karatasi iliyorudi kutoka huko. Zipo zawadi za kila somo, ipo ya aliyepanda zaidi tangu kidato cha tatu, ipo ya mahudhurio, na ipo ya michezo. Zawadi zenyewe ni madaftari, vikokotoo, mikebe ya hisabati na kamusi, vitu vilivyonunuliwa kwa michango ya bodi ya shule na ya wazazi wachache waliojitolea. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2023, Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza watahiniwa kumi bora na shule kumi bora kitaifa, nimezidi kuamini kwamba heshima ya shuleni na kijijini ndiyo inayomfikia mtoto wa shule kama yetu. Hata zamani orodha ile ya kitaifa haikuwa ikifika huku kwetu. Kwa hiyo hii ya kwetu lazima iwe ya kweli.

Nilikuwa sijamaliza ukurasa wa kwanza pale mzazi alipobisha hodi.

Alikuwa mzee mmoja mkulima wa kabichi na karoti, mwenye viatu vyenye udongo mwekundu hadi juu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakataa kiti, kisha akakikubali. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi alichonakili kutoka kwenye ubao wetu wa matangazo, ambako matokeo ya mtihani wa utamirifu yalikuwa yamebandikwa. Akakiweka mezani, akakinyoosha kwa kiganja.

"Mwalimu," alisema, "mwanangu ana alama 550. Yule kijana mnayesema ndiye wa kwanza ana 523. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini 550 na 523 naijua iliyo kubwa."

Alikuwa sahihi kabisa kuhusu hesabu yake, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe magumu. Binti yake alipata 96 katika Hisabati na 91 katika Fizikia, alama ambazo hakuna mwanafunzi mwingine wa shule yetu aliyezikaribia. Katika masomo mengine matano yanayohesabiwa alipata 74 Kemia, 74 Biolojia, 73 Jiografia, 72 Kiswahili na 70 Kiingereza. Kwa utaratibu wa Baraza, daraja A la kidato cha nne huanzia alama 75, na B huanzia 65 hadi 74. A ni pointi moja, B ni pointi mbili, C ni tatu, D ni nne na F ni tano, na huchukuliwa masomo saba yaliyofanyika vizuri zaidi. Mwenye pointi chache ndiye aliye juu. Binti huyu ana A mbili na B tano, jumla pointi 12. Kijana yule hana alama ya kushangaza hata moja, lakini masomo yake sita yapo kati ya 75 na 78 na moja lina 66, kwa hiyo ana A sita na B moja, jumla pointi 8. Wote wawili wako divisheni ya kwanza, ambayo ni pointi 7 hadi 17, na wote wawili wakifanya hivyo Novemba watapata tahasusi ya sayansi waitakayo. Ila aliye mbele ni kijana.

Nilimchorea mzee jedwali. Nikamwandikia alama upande mmoja na pointi upande wa pili, tukaenda somo kwa somo, kidole chake kikifuata kalamu yangu. Alielewa upesi, pengine upesi kuliko wazazi wengi waliosoma kumzidi, na alipoelewa ndipo alipokasirika zaidi. Aliuliza ni nani aliyeamua kwamba mtoto mwenye 96 na mtoto mwenye 75 wahesabiwe sawa. Aliuliza kama yeye akiuza kabichi zake kubwa mnunuzi anaweza kumlipa bei ya zile ndogo kwa kuwa zote ni kabichi. Nilimweleza kwamba huo ndio utaratibu utakaotumika katika mtihani wa Taifa na katika kuwachagua wa kidato cha tano, na kwamba shule ikitoa zawadi kuu kwa kipimo kingine itakuwa inawaonyesha watoto njia ambayo haitawafikisha. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, akiweka kidole juu ya ile 74 ya Biolojia:

"Hili ni somo lako wewe mwenyewe. Moja tu, mwalimu."

Sikumlaumu kwa kusema hivyo. Nilimwambia kwamba karatasi ya binti yake haikusahihishwa nami wala na mwalimu yeyote wa shule yetu, na kwamba hata ingekuwa mkononi mwangu nisingeongeza, kwa sababu siku moja binti huyo atakaa kwenye chumba cha mtihani ambako hakuna wa kumwongezea. Akarudia ombi lake kwa maneno mengine. Nikarudia jibu langu. Kengele ya mapumziko ililia, wanafunzi wakaenda kula makande, wakarudi madarasani, nasi bado tulikuwa mezani na lile jedwali. Mwalimu mwenzangu aliingia mara mbili kuchukua chaki na mara zote mbili alinitazama kwa huruma.

Nami nilikuwa nimechoka, lakini moyoni nilijua kwamba mzee ana hoja ambayo haipaswi kufukuzwa mlangoni. Tofauti ya alama 27 si kitu kidogo, na mtoto aliyepata 96 katika Hisabati katika shule ambayo kwa muda mrefu haikuwa na mwalimu wa kutosha wa somo hilo anastahili watu wote walijue jambo hilo. Binti yake tayari alikuwa kwenye orodha yangu kwa zawadi ya Hisabati na ya Fizikia. Nikamwambia kwamba nitamwomba mkuu wa shule ruhusa ili Jumamosi, zawadi za masomo zinapotolewa, mshereheshaji asiishie kusoma jina bali asome na alama.

"Asome 96 kwa sauti," alisema mzee.

"Atasoma kwa sauti, baba."

Hapo akalegea. Akaniuliza basi leo akifika nyumbani amwambie nini binti yake. Nikamwambia amwambie kwamba Kemia na Biolojia zinamdai alama moja moja, na Jiografia alama mbili, na kwamba akizipata hizo nne atakuwa na pointi 9 bila kugusa kingine chochote. Mzee alihesabu kwa vidole. Akasema kwamba binti huyo akitoka shule huwa anakwenda shambani kumwagilia hadi giza linapoingia, na kwamba kuanzia jioni hiyo mdogo wake wa kiume ndiye atakayekwenda, hadi mtihani uishe. Nilikuwa namfundisha binti yule tangu kidato cha kwanza na sikuwahi kulijua hilo. Saa 7 ilikuwa imekwishapita.

Mchana huo, ratiba niliyoipanga kwa saa haikuwa na saa tena. Simu ililia kutoka ofisi ya mgeni rasmi kuuliza kama risala ya wahitimu inaweza kupunguzwa. Kabla sijajibu, mtu mwingine wa ofisi hiyohiyo akapiga kuuliza kama inaweza kutumwa leo ikiwa nzima. Nikaituma nzima. Nikashuka mjini kwa bodaboda kuchapisha vyeti vya ushiriki, na nilipofika steshenari umeme ukakatika. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa na rimu ya karatasi ngumu mapajani, nikitumia muda huo kulinganisha majina ya wahitimu na majina yaliyomo katika usajili wao wa Baraza, kwa kuwa jina lililo kwenye usajili ndilo litakalotoka kwenye cheti cha Taifa na mtoto akizoea lingine atasumbuka baadaye akiomba chuo au kazi. Kuna Ramadhani mwenye herufi i mwishoni na Ramadhan asiye nayo, na wako darasa moja. Kuna msichana ambaye shuleni tunamwita kwa jina la babu yake ilhali usajili una la baba. Umeme uliporudi nilikuwa nimerekebisha majina yote yaliyokuwa na walakini, na kijana wa steshenari, Mungu ambariki, alikubali kuchapisha vyeti kwa majina yaliyorekebishwa bila kunidai zaidi.

Niliporudi shuleni wahitimu walikuwa bado wanafanya mazoezi ya ngonjera chini ya mti, skauti wakijifunza kumpokea mgeni, na fundi wa turubai akibishana na mwalimu wa michezo kuhusu mahali pa kuchimbia nguzo. Mkuu wa shule alinisikiliza akiwa amesimama. Alikubali alama zisomwe. Kisha akanipa habari kwamba mgeni rasmi sasa atafika saa 6 mchana badala ya saa 4 asubuhi, na kwamba akishahutubia ataondoka mara moja kwenda kwenye shughuli nyingine.

Nikaelewa maana yake. Katika mahafali yaliyocheleweshwa, kinachokatwa huwa ni zawadi. Hotuba haikatwi, taarifa ya shule haikatwi, harambee haikatwi; zawadi ndizo husomwa haraka haraka watu wakiwa wameanza kusimama, au hutolewa Jumatatu ofisini bila mzazi kuwepo. Nikamwomba mkuu kwamba safari hii zawadi za taaluma zitangulie, zianze mara tu mgeni akishaketi na kutambulishwa. Alisema itifaki haiko hivyo. Nikamwambia kuhusu yule mzee, na kuhusu wazazi wengine watakaotembea kutoka ng'ambo ya bonde, na kwamba wao hawaji kusikiliza hotuba. Tulisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokuwa na nguvu. Mwishowe alichukua kalamu yangu, akaikata ratiba kwa mstari na kuandika kwa mkono wake: zawadi, kisha risala, kisha hotuba.

Nyumbani niliandika upya ratiba na orodha ya mshereheshaji kwenye simu, watoto wakiwa wamelala. Kwenye mstari wa Hisabati niliandika jina la binti kama lilivyo kwenye usajili, nikaandika 96 kwa tarakimu na kwa maneno, na pembeni nikaweka maelekezo kwamba msomaji atulie kidogo kabla ya kuendelea na jina linalofuata. Nikamtumia mkuu wa shule saa 4:40 usiku, naye akajibu kwamba nisisahau kuleta gundi ya kubandika namba kwenye zawadi.